Nilimsemea Mungu Nyuma ya Mashuka

Kwa wewe uliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakuomba usinihukumu kabla hujanijua. Ukishanijua utanihukumu vizuri zaidi.

Mimi ni dobi wa hospitali. Miaka ishirini na sita nafua mashuka ya wagonjwa, waliopona na wasiopona. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda, inyooshe mwenyewe.

Nilizaa watoto watatu. Wawili wakubwa niliwazika ndani ya mwaka mmoja. Baba yao alitoka kwenda kununua betri za tochi na hajarudi mpaka leo. Labda zinatengenezwa mbali. Nikabaki na wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda.

Kitinda ndiye sista. Kwa ajili yake mtaa mzima unaniita Mama Sista. Nikipita dukani napishwa. Kanisani nina nafasi yangu, benchi la pili, hata nikichelewa haikaliwi na mtu. Jina langu nililopewa na wazazi wangu sijalisikia siku nyingi sana, na sikuwa nalitafuta.

Wiki iliyopita nilieleza alivyokuja ghafla, zimebaki siku tisa aweke nadhiri za daima, zile ambazo ukishaziweka ndiyo basi, wewe ni wa Mungu mpaka kaburini. Alikuja na begi dogo, veli ameikunja ndani ya begi, kichwa wazi. Akakaa jikoni kwenye kiti kile kibovu, akaniambia: "Mama, nieleze tena ile siku niliyoitwa."

Nililaza mwiko juu ya sufuria.

"Umechoka, mwanangu. Kula kwanza."

"Sina njaa."

"Safari yote ile huna njaa? Huko mnakula nini, maombi?"

Hakucheka. Kitinda ambaye hacheki utani wangu, nikajua mambo yameharibika.

"Mama," akasema, "nasali, lakini ni kama kuongea kwenye simu iliyokatika. Unasema haloo, haloo, na huku unajua. Sasa huu mwaka wa pili."

"Uchovu tu huo."

"Si uchovu. Nawavalisha wagonjwa, nawalisha, nawafumba macho wakifa. Naambiwa sista una moyo. Mimi ndani nipo kama chumba kilichohamwa. Nimepotea, mama. Nimepotea nikiwa nimesimama hapo hapo kwa Mungu."

"Umemwambia mlezi wenu?"

"Ndiye aliyenituma. Ameniambia, rudi pale ulipoitwa, kaa pale. Ukiikuta ile sauti ni ya kweli, njoo uweke nadhiri. Usipoikuta, usije kunidanganya mimi wala Mungu." Akanishika mkono ulio na unga. "Kwa hiyo nieleze, mama. Ndiyo hiyo tu niliyobaki nayo. Kila kukiwa giza naishika hiyo. Nasema, hata kama sisikii kitu leo, siku ile niliitwa."

Mama mwenzangu unayesoma, pale palikuwa mahali pa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mimi nikaufunga.

Nikamsimulia. Nikasema ulikuwa na miaka kumi na moja, umelala juu ya marobota ya mashuka kule kazini kwangu, adhuhuri. Ukaja mbio ukasema mama umeniita, nikasema sijakuita. Ukaenda, ukarudi tena, nikasema sijakuita. Nikakwambia ukisikia tena usije kwangu, itikia hapo hapo ulipo. Na mara ya tatu ukaitika mwenyewe, nikakukuta umepiga magoti.

Nikaisimulia vizuri kuliko siku zote. Nikaongeza na upepo. Siku ile hapakuwa na upepo.

Alilia, akala, akalala kama mtoto. Mimi ndiye sikulala.

Sasa nakwambia wewe kile ambacho sikumwambia yeye.

Baada ya kuwazika ndugu zake, Kitinda aliacha kucheza. Kwenye mafundisho ya Jumapili walikuwa wamefundishwa habari ya yule mtoto wa hekaluni aliyeitwa na Mungu kwa jina lake. Ikamwingia. Akaniuliza, "Mama, Mungu anatujua sisi?" Nikasema anatujua. "Mbona mimi haniiti?"

Tangu hapo, akitoka shule alikuwa anakuja kazini kwangu, anajilaza juu ya marobota, anafumba macho, ametega sikio. Mtoto wa miaka kumi na moja anangoja kuitwa na Mungu kama mgonjwa anavyongoja namba yake kwenye foleni. Siku ya kwanza. Wiki ya kwanza. Akaanza kukonda. Akaniambia, "Labda jina langu hana."

Wewe ungefanyaje?

Nilisimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, nikabadilisha sauti, nikaita: "Kitinda."

Akaja mbio, uso unawaka. "Mama, umeniita!"

"Mimi? Sijakuita."

Nikaita tena. Akaja tena. Nikamwambia yale maneno, ukisikia tena itikia hapo hapo. Basi. Mungu alikuwa amenyamaza, nami nikamsemea.

Na nisijisafishe nusu nusu. Kulikuwa na lingine. Masista waliokuwa wanaendesha hospitali walikuwa wakichukua mabinti wenye wito wanawasomesha. Nilitaka asome. Nilitaka atoke kwenye mvuke ule. Na nilitaka, Mungu anisamehe, nyumba yangu isiwe tu nyumba ya misiba, iwe na kitu watu watakisema kwa sauti ya juu. Huruma na tamaa nilizifua kwenye beseni moja, hadi leo sijui ipi ilichuja rangi.

Kesho yake asubuhi Kitinda akanifuata kazini.

Chumba chetu cha kufulia hakijabadilika. Mashine mbili za kufua zinazotetemeka kama zina homa, uwanja wa saruji wenye kamba kumi na mbili, na ile pasi kubwa ya magogo mawili ya moto, ambayo shuka linaingia limelowa upande huu na kutoka limenyooka upande ule. Kuilisha ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika ncha yake, mnakwenda pamoja. Mtu mmoja hailishi. Hilo lishike, nitalirudia.

Mwenzangu kwenye pasi ni yule ninayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na hiyo pasi. Akiulizwa na wageni husema, "Mimi na mashine hii tumeoana. Kidole cha kwanza ilichukua kuvalia pete, cha pili ilichukua kwa ulafi."

Redio ndiye mama wa ubatizo wa Kitinda. Alimshika mtoto kwenye maji, na jina la ubatizo alilichagua yeye, mimi nikiwa bado nimelazwa kwa uzazi.

"Haa! Sista wetu!" akapiga kelele. "Njoo nikuone! Mbona umekonda hivyo, huko kufunga ni kwa mwaka mzima? Na veli iko wapi? Au ndiyo mtindo mpya, mnapigwa na upepo kidogo?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Utaniombea mguu huu, ukipiga baridi silali. Mama Sista, mtoto umemlisha kweli? Wewe unapika kama unafua, maji mengi."

Kitinda akatabasamu nusu. Akaenda kwenye kona ile ile, kwenye marobota ya wodi ya wazazi. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mtu mzima na viatu vyake vyeusi vya kisista. Akajilaza. Akafumba macho.

Redio akaninong'oneza, kwa kunong'ona kwake ambako kunasikika hadi chumba cha maiti: "Anaumwa?"

"Anapumzika."

"Hapo? Kitanda huna kwako?"

Siku ya kwanza alikaa pale mpaka tulipofunga. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimwona midomo inatikisika. Alikuwa anasema, taratibu kabisa, "Nipo. Nipo. Nipo hapa."

Mimi nakunja mashuka, machozi yanaingia kwenye mashuka. Nikasema moyoni, si shida, yatapita kwenye pasi.

Siku ya nne, adhuhuri, zimebaki siku tano, alikaa akaniambia bila kunitazama: "Mama, kesho naondoka."

"Unarudi kwa masista?"

"Nakwenda kurudisha veli."

Na nitakwambia nilichofikiria kwanza, kwa sababu nimeahidi kutoficha. Sikufikiria moyo wake. Nilifikiria benchi la pili.

"Usifanye haraka," nikasema. "Lala kidogo. Lala pale pale. Leo usikate tamaa mapema."

"Mama, nimengoja siku nne."

"Lala, mwanangu. Mara moja tu."

Akanitii. Hajawahi kunikatalia, ndicho kilichonimaliza.

Nikachukua beseni la mashuka mabichi, nikaenda kuanika kamba ya tatu, ile iliyo karibu na kona. Shuka la kwanza. La pili. Likawa pazia. Nikasimama nyuma yake.

Nikasema moyoni, neno moja tu. Neno moja na atakaa sawa. Atarudi, ataweka nadhiri, atakuwa na amani, nami nitaungama siku nyingine nikiwa mzee. Daktari si anamficha mgonjwa? Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

"Mama," akasema Kitinda. "Naona mabuti yako."

Nikatazama chini. Chini ya shuka, mabuti yangu meupe ya mpira yalikuwa yamesimama pale, pua mbili, kama watu wawili waliofumaniwa.

Mashine moja ilimaliza kufua ikazima, uwanja mzima ukawa kimya.

"Toka huko, mama."

Nikatoka.

"Ulikuwa unataka kufanya nini?"

"Naanika."

"Mama."

Kuna namna mtoto anavyokuita ambayo huwezi kuidanganya. Nikaketi chini kwenye saruji, pale pale penye maji. Nikamwambia. Nilimwambia yote, na tamaa yangu, na benchi la kanisa, na ule upepo nilioongeza. Sikuweza kumtazama usoni, nilikuwa nakitazama kiatu chake cheusi na kamba yake iliyofungwa fundo mara mbili, vile nilivyomfundisha.

Nilipomaliza alihesabu miaka.

"Miaka kumi na minane," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipokuwa nalia kule kwa masista, nimejifungia bafuni nisisikike, nikawa najiambia usijali, uliitwa, uliitwa. Ilikuwa ni wewe. Na mabuti."

"Nipige, mwanangu. Nitukane. Sema chochote."

"Siwezi kukutukana, mama. Sijui kama mimi ni mtoto wako au ni shuka lako ulilokunja ukaliweka kwenye kabati la Mungu."

Kama angenipiga ingekuwa nafuu.

Akatembea hadi kwenye kamba, akarudi. Akasema, kama mtu anayejisemea: "Kuna bibi mmoja alifia mkononi mwangu mwezi uliopita. Hakuwa na mtu. Alinishika hapa," akashika kifundo cha mkono, "akasema, nilimwomba Mungu nisife peke yangu, naye amekutuma. Sasa niambie, mama. Yule bibi nani alimtumia mtu? Wewe?"

Nikasema tu, "Sijui, mwanangu. Mimi nilidanganya. Wewe hukudanganya."

Akasimama. Kuna kitu kilimpita usoni.

"Uliniita mara ngapi?"

"Siku ile? Mara mbili."

"Mara tatu."

"Mbili, Kitinda. Ya tatu nilitaka kuita, sikuwahi. Ndipo Redio alipopiga ukelele, mkono umeingia kwenye pasi. Nilikimbilia kule. Nilikukuta baadaye umepiga magoti, ukasema ameniita mama na nimeitika. Nilijua umesema hivyo kunifurahisha. Nilijua nimekufundisha uongo. Kila nilipoisimulia nilisema tatu kwa ajili yako."



"Mama, nisikilize vizuri. Ya kwanza na ya pili zilikuja kutoka huko, kwenye kamba, zikaniita Kitinda. Nazikumbuka. Sasa ukishaniambia, naona kabisa ilikuwa sauti yako. Lakini ya tatu haikutoka huko. Ilikuwa karibu. Ilikuwa hapa." Akagusa sikio. "Tena haikusema Kitinda. Iliniita kwa jina la ubatizo. Nikasema nipo. Ndipo nikasikia ukelele wa mama mdogo, baada ya hapo. Si kabla."

Nikahisi baridi, jua likiwa utosini.

Jina lile la ubatizo hakuna aliyelitumia. Shuleni walimwita la nyumbani, mtaani hivyo hivyo. Lilikuwa limeandikwa kwenye cheti kanisani, basi. Aliyelijua alikuwa mimi, na aliyelichagua.

Tukageuka wote wawili kwa pamoja. Redio alikuwa kule kwenye pasi, anakunja foronya, anaimba vibaya.

Nilimfikia kwanza, kwa sababu nilikuwa na langu la kuungama.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "siku ile vidole vyako vilipoenda, nilikwambia nilikuwa chooni."

"Ehe."

"Sikuwa chooni. Nilikuacha na shuka peke yako, ulilisha mashine peke yako kwa sababu yangu. Nilikuwa nyuma ya mashuka, nam..."

"Najua," akasema Redio.

"Unajua nini?"

"Choo kiko upande ule, Mama Sista, na wewe mabuti yako niliyaona chini ya shuka upande huu. Na masikio ninayo. Vidole ndivyo vilivyopungua."

"Miaka yote hii, na hukusema? Wewe?"

"Mimi nasema ya watu. Lile lilikuwa la mtoto."

Nikaanza kulia, si kwa haya ya mtu mzima, kwa sauti. Mwanamke huyu amenishikia ncha ya pili ya shuka miaka yote hii kwa mkono niliouharibu mimi, anajua, na kila asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri. Nimesikia habari ya msamaha kutoka benchi la pili maisha yangu yote. Sikuwahi kuuona una vidole vitatu.

Kitinda akamsogelea.

"Mama mdogo. Kuna aliyeniita mara ya tatu. Kwa jina ulilonipa wewe. Kabla hujaumia." Sauti ilikuwa inatetemeka lakini hakuishusha. "Nataka kujua kabla sijaenda kesho. Kama ulikuwa wewe uliyemwonea huruma mama ukamalizia kazi yake, niambie. Sitakuchukia. Nitarudisha veli, nitatafuta maisha mengine, nitashukuru. Kama hukuwa wewe..." Akakwama. "Kama hukuwa wewe, pia niambie."

Sasa, wewe unayesoma, mimi namjua Redio. Redio anaongea akila. Anaongea akimeza dawa. Siku ya msiba wa mumewe aliongea hadi padri akamsubiri amalize.

Redio alizimika.

Aliweka foronya chini. Akauinua ule mkono wake, akautazama mbele na nyuma kama mtu anayesoma barua. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, ya chini:

"Umechelewa kuuliza, mwanangu. Nimelingoja swali hili kwa miaka kumi na minane." Akanigeukia. "Mama Sista, tupishe."

"Niwapishe nini? Ni mwanangu huyu."

"Ni wangu pia, nilimshika mimi kwenye maji yale. Hapa umeshasema sana wewe. Tupishe."

Nikamtazama Kitinda anitetee. Alitikisa kichwa. "Nenda, mama."

Nikaenda. Sikuwa na pa kwenda ila kule kule, kwenye kamba ya tatu. Nikasimama nyuma ya mashuka, nikawaona kwa chini. Ndara za bluu za Redio. Viatu vyeusi vya mwanangu.

Redio alianza kunong'ona. Na mara hii alinong'ona kweli, kama watu wengine. Sikusikia hata neno.

Kabla sijaendelea, niliandika hadithi hii niwaonye wenzangu, basi acha nionye hapa hapa, huku miguu ile iko mbele yangu. Mama, mtoto wako akikuuliza Mungu amemwumbia nini, mwambie hujui. Mwambie mtangoja wote. Ukimwona anakonda kwa kungoja, konda naye. Lakini usiende nyuma ya mashuka. Hata ukiitamka kwa upendo, sauti yako utaikuta ndani ya mtoto siku Mungu mwenyewe anapotaka kusema, imekaa kwenye kiti chake.

Ndara za bluu zilipiga hatua moja mbele. Viatu vyeusi havikusogea.

Kisha nikaona magoti ya mwanangu yanagusa saruji.

Sikuweza kujua kutoka pale kama amepiga magoti au kama magoti yamemwishia nguvu. Hakulia. Nikangoja nisikie anasema nipo, au anasema basi, sikusikia lolote, nikaona tu kiganja chake kinashuka kinajishikiza chini kwenye maji.

Nilitaka kumwita. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, Kitinda, Kitinda mwanangu, kama nilivyozoea.

Nikavuta ncha ya shuka bichi, nikajiziba nalo mdomo kwa mikono miwili. Nikasimama pale na mabuti yangu, nikangoja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mwingine amwite.